Uso wa Mama Kizingiti

Nyusi zangu ziliwahi kung'oka zote mbili kwa mpigo mmoja, na aliyezing'oa akapewa cheti cha shukrani na manispaa. Naanza na hilo kwa sababu watu hudhani kufanyiwa sanamu ni heshima tupu.

Wimbo wenyewe kila mtu mjini kwetu anaujua. Wasichana wanaurukia kamba, walevi wanauimba wakirudi makwao, na mama zetu walitulaza nao. Mwanamume alisafiri, mkewe akasimama kwenye kizingiti cha mlango, akaapa hataketi mpaka mumewe arudi. Keti, mama, jua kali. Siketi, hajarudi. Keti, mama, mvua kubwa. Siketi, hajarudi. Beti hazina mwisho, kila anayeimba huongeza tabu anayoijua yeye: njaa, baridi, nyoka, majirani. Jibu ni lile lile. Wimbo hausemi yule mama aliishiaje. Mimi nilipokuwa mdogo niliuliza alikuwa anakwenda chooni saa ngapi, nikapigwa kofi.

Miaka tisa iliyopita manispaa iliamua kumsimamisha Mama Kizingiti mbele ya jengo lake, pale penye ngazi, ili mji nao uwe na kitu cha kupigia picha. Mchongaji akawa anatafuta uso. Mume wangu alikuwa kibarua pale, kazi yake kuchanganya saruji, na mdomo wake haukuwa na breki. Akasema mkewe ana uso wa mtu anayesubiri. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nina mwaka mmoja wa ndoa, na kitu pekee nilichokuwa nasubiri ni yeye atoke kazini mapema. Nilikubali. Nilimpenda, angeniambia niwe ngazi yenyewe ningelala wakanyage.

Mchongaji alinilaza chali, akanipaka mafuta ya mgando usoni ili plasta isishike ngozi, akaniwekea mirija miwili puani nipumue, kisha akanimwagia plasta. Mafuta alipaka kila mahali isipokuwa nyusi. Alipoinua ile plasta ikiwa imeshakauka, nyusi zikabaki ndani yake. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Miezi miwili nilijichora nyusi kwa penseli, na mchongaji naye akazichonga za sanamu kwa kubahatisha, akaziweka juu mno. Ndiyo maana Mama Kizingiti alikuwa na sura ya mtu aliyeambiwa jambo asilolitegemea.

Mwezi mmoja baada ya sanamu kufunuliwa, mume wangu akapata mkataba wa kazi nchi ya mbali, miaka miwili. Alinishika mikono pale mlangoni, mama yake akiwa nyuma yangu, akasema atarudi kabla sijamaliza mche wa sabuni alioninunulia. Mwaka wa kwanza alipiga simu kila wiki. Wa pili, kila mwezi. Wa tatu namba yake ikawa haipatikani, na haijapatikana mpaka leo. Sabuni ilikwisha zamani.

Hapo ndipo mji uliponishika. Ningekuwa mke wa kawaida aliyeachwa kwenye mataa, watu wangenihurumia wiki mbili kisha wakaanza kunitafutia mchumba. Lakini uso wangu ulikuwa pale mbele ya manispaa, kwenye mwili wa mita tatu, ukisubiri. Nami wakati huo nilikuwa nimeajiriwa usafi katika jengo lile lile. Walimu walikuwa wakileta darasa zima kuiona sanamu, na mimi nikitokea na ndoo yangu wananionyesha na mimi, kwamba huyo ndiye mwenyewe, na mumewe kweli hajarudi. Nikikaa kwenye benchi mchana nile, lazima apite mtu aseme, "Kizingiti, leo umeketi?" Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya mia nilimrushia mtu kiazi. Jina langu likafa, nikabaki na hilo la kitu ambacho kazi yake ni kukanyagwa na wanaoingia na wanaotoka.

Nyumbani nilibaki na mama mkwe. Sitaki kumsema vibaya kabla ya zamu yake kufika. Mama yangu mzazi alifariki sijaota meno ya pili, na huyu ndiye aliyenikalia kitandani siku nne nilipoharibikiwa mimba, mume ana miezi miwili tangu aondoke. Aliniita mwanangu na alimaanisha. Baadaye miguu yake ikaanza kuvimba, kusimama kukawa mateso. Asubuhi nilimkanda, nikamweka kwenye kiti chake cha dirishani, nikaenda kazini. Jioni nilimkuta pale pale, ana habari za mtaa mzima kama aliyeuzunguka kwa miguu. Wifi yangu, binti yake wa kumzaa, anakaa mitaa miwili kutoka pale. Alikuja kwa nadra, na kila akija anasifu kwamba mama ana bahati ya mkwe. Sifa hizo zilikuwa njia yake ya kuaga.

Tulicheka sana, mimi na mama mkwe. Lakini kulikuwa na kitasa.

Kitasa cha mlango wa mbele kilikuwa kimekufa nusu. Ukifunga, ulimi unang'ang'ania, na ili ufungue ni lazima uinue mlango kwa bega huku unazungusha ufunguo na kuomba Mungu. Mara tatu nilichelewa kazini kwa kufungiwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Kila nikisema niite fundi akibadilishe, mama mkwe anakataa. Mtu wetu, ndivyo alivyomwita mwanawe, aliondoka na ufunguo wa kitasa hiki. Akirudi akute hauingii, atajisikiaje? Nami naweka bega. Picha ya huyo mtu wetu ilikuwa ukutani juu ya kochi, kwenye fremu ya kioo. Kila Ijumaa niliishusha, nikaifuta kwa gazeti lililoloweshwa, nikairudisha kwenye msumari wake.

Mwaka jana lifti ya manispaa ilikwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, na mimi na ndoo yangu tukiwa ndani. Nilipiga kelele zangu zote. Baada ya muda nikasikia sauti ya mwanamume nje ya mlango, ya taratibu, mtu asiye na haraka na dunia.

"Usibonyeze kitu," akasema.

"Nimeshabonyeza vyote."

Kisha akacheka, na akaniambia basi nikae chini, itachukua saa nzima. Nikamuuliza kama anajua anaongea na nani. Akasema anaongea na mtu aliyekwama. Alikuwa mgeni mjini, fundi wa lifti wa mkataba. Wimbo aliujua nusu tu, na sanamu alikuwa hajaitazama usoni. Nikageuza ndoo, nikaikalia, tukaongea saa nzima pasipo kuonana. Nilitoka pale nikiwa nimependa, na sioni haya kusema. Mtu wa kwanza katika miaka minane kuniambia nikae, na hakuwa anatania.

Alitaka kunioa. Tulifuata utaratibu, na utaratibu ulikuwa ghorofa ya kwanza, kwenye ofisi ya msajili wa ndoa, ambayo mimi ndiye ninayeipiga deki. Msajili alinieleza kwa upole kwamba mimi ni mke wa mtu. Alitaka kimoja kati ya vitu vitatu: cheti cha kifo cha mume wangu, au barua ya mume mwenyewe kwamba ameniacha, yenye sahihi yake na mashahidi wawili, au barua ya mwajiri wake wa mwisho hapa mjini, ikithibitisha kwamba hajulikani alipo kwa miaka mingi. Cheti sikuwa nacho. Mume sikuwa naye. Mwajiri ilikuwa idara ya bustani na sanamu, na mkuu wake, ambaye sote tunamwita Bwana Bustani, nilimwomba hiyo barua mara mbili. Mara zote mbili alicheka. Alisema Mama Kizingiti akiolewa watoto wa shule wataambiwa nini.

Mama mkwe sikumwambia chochote. Kumwambia naomba barua ya kuthibitisha kwamba mwanawe hajulikani alipo ilikuwa ni kumzika mwanawe mbele ya macho yake, na mimi niwe mshika koleo. Kila jioni nilipanga kusema, na kila jioni nilimkanda miguu nikanyamaza. Nilijiona mwongo. Mtu anakuita mwanangu, nawe unatafuta mlango wa kutokea nyumbani kwake.

Kisha mkataba wa fundi ukaisha. Kampuni yake ikampangia jengo refu katika mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Alinikuta kwenye ngazi za nyuma, akaniambia kwa ile sauti yake kwamba hataniambia nimfuate na hataniambia nibaki. "Basi linaondoka Jumamosi saa mbili asubuhi," akasema. "Nitakata tiketi mbili. Ya pili nikija kuikalia mwenyewe, nitanyoosha miguu." Nilitamani kumpiga na kumkumbatia.

Jumatatu ya wiki hiyo hiyo nilifika kazini nikakuta watu wamejaa kwenye ngazi za mbele. Uso wa Mama Kizingiti ulikuwa umeanguka. Pua, mashavu na kidevu vilikuwa chini vipande vipande; kule juu zilibaki zile nyusi za kubahatisha peke yake. Mchongaji aliitwa. Akaokota kipande, akakisugua kwa vidole, kikawa unga.

"Mchanga mtupu," akasema.

Aliyechanganya saruji alizidisha mchanga. Mchongaji hakukumbuka alikuwa nani, au alikumbuka akanionea haya. Mimi nilikumbuka vizuri. Nilivifagia vile vipande mwenyewe, maana ngazi ni eneo langu la kazi.

Saa tano niliitwa kwa Bwana Bustani. Safari hii hakucheka. Alinikaribisha kiti, akaniambia mji hauwezi kukaa na sanamu isiyo na uso, na ile plasta ya zamani mchongaji alishaitupa kitambo. Uso mwingine watu hawataukubali. Nilimkumbusha kwamba nina miaka thelathini na mmoja sasa. Akasema miaka itaondolewa kwa kisu. Nikamuuliza barua yangu ikoje.

"Nipe uso Ijumaa," akasema, "nami nikupe barua Ijumaa."

Basi ndivyo nilivyouza uso wangu mara ya pili, ili niweze kutoka ndani ya ule wa kwanza. Nilijua maana yake. Mimi ningepanda basi, na uso wangu ungebaki pale kwenye ngazi ukimsubiri mchanganya saruji miaka mingine yote. Nilijiambia haidhuru, saruji haisikii kitu.

Mama mkwe nilimweleza habari ya uso tu, si ya barua. Alishikilia kazi ifanyike nyumbani, mbele yake. Mara ya kwanza, alisema, walimrudishia mtoto hana nyusi, na safari hii mafuta atapaka yeye kwa mkono wake.

Ijumaa saa nne mchongaji alikuja na mfuko wa plasta na ndoo. Nililala kwenye mkeka sebuleni, chini ya picha ya mtu wetu. Mama mkwe alivutiwa kigoda kichwani pangu, akachota mafuta ya mgando kwa kidole, akaanza na paji la uso. Vidole vyake nilivijua, vizito na vya moto. Alipofika kwenye nyusi akawa anapaka unywele mmoja mmoja, huku ameuma mdomo kama anayetia uzi kwenye sindano. Katikati akasimama.

"Una mvi hapa," akasema. "Kwenye nyusi."

Nikamwambia aing'oe. Hakuing'oa. Aliitazama mpaka mchongaji akakohoa, ndipo akaipaka mafuta na hiyo mvi, taratibu, akamaliza.

Mchongaji aliniwekea mirija puani, akanipa masharti: dakika ishirini na tano, nisitikisike, nisimeze mate kwa nguvu, nisiseme, nikishindwa kupumua niinue mkono. Kisha plasta ikaja. Kwanza ni baridi, halafu inakuwa nzito, halafu inaanza kupata moto yenyewe. Macho yalifunikwa, mdomo ukafunikwa. Dunia yote ikabaki mirija miwili na masikio. Nilimsikia mchongaji akiongeza tabaka la pili, kisha akasema lazima aoshe ndoo haraka kabla plasta haijaganda ndani yake. Bomba liko mwisho wa uwanja, na Ijumaa lina foleni. Akamwomba mama mkwe aniangalie. Nikamsikia akihangaika na mlango, na mama mkwe akimwambia aweke bega.

Nyayo zake zikaenda. Kigoda kikalia karibu na sikio langu.

"Mwanangu," mama mkwe akasema. "Usijibu."

Nilitaka kucheka. Ningejibu kwa kinywa kipi?

"Mtu wetu hana shida yoyote. Ana mke huko, na watoto watatu. Alikuacha zamani. Barua ninayo."

Sauti yake ilikuwa karibu mno, nilihisi pumzi yake shingoni. Akanieleza yote, kwa haraka, kwa mpangilio, kama mtu aliyejifunza maneno yake mara nyingi usiku. Miaka minne iliyopita, mimi nikiwa kazini, alikuja mtu aliyefanya kazi na mwanawe huko, akaleta bahasha. Ndani mna barua ya kuniacha, na sahihi yake, na mashahidi wawili, na maneno kwamba niolewe, nisipoteze umri. Aliisoma mara tatu. Alikusudia kunipa jioni ile ile. Jioni ile nikarudi nimechelewa na chupa ya dawa ya kuchua, maana duka la kwanza hawakuwa nayo na la pili hawakuwa nayo, nikakaa chini nikamkanda miguu kabla hata sijavua viatu. Akasema moyoni, nitampa kesho.

"Kesho ikawa miaka minne," akasema. "Niliogopa. Nikikupa utaondoka, nami nitabaki na miguu hii na picha. Nilisema, mwezi huu tu. Halafu leo nimeiona ile mvi." Kisha akasema, "Nisingeweza kukuambia huku unaniangalia. Leo huna macho wala mdomo. Na hilo pia unisamehe."

Plasta ilikuwa imefika moto wake wote. Sijawahi kukasirika vile, na sijawahi kukasirika bila kuwa na uso wa kukasirikia. Kila msuli uliotaka kukunja ulikuta ukuta. Machozi yalitoka na hayakuwa na pa kwenda, yakakaa pale pale kati ya kope na plasta, ya moto. Nilifikiria nyuma: jioni zote nilizonyamaza nisimuumize. Aibu yangu. Kuinama kwangu mbele ya Bwana Bustani. Niliogopa kumzika mwanawe, na yeye alikuwa akimpelekea salamu za heri moyoni, babu wa watoto watatu asiye na jina la kuwaita. Nyanya, niseme. Hata hasira yangu ilikuwa imechanganyikiwa.

Mkono sikuinua. Kuinua mkono kulikuwa kumwomba yeye msaada.

Kisha jambo dogo likaniingia akilini, dogo kabisa, kwa lugha ya msajili: barua ya mume mwenyewe, yenye sahihi yake na mashahidi wawili. Sikuwa nahitaji barua ya Bwana Bustani. Sikuwa nahitaji kulala pale. Nilikuwa nimelala chini ya plasta kwa sababu ya kitu ambacho kilikuwa ndani ya nyumba hii miaka minne.

Nikaketi.

Plasta ilikuwa haijakauka katikati. Iliachia uso, ikaniangukia mapajani, ikavunjika vipande vitatu. Mirija ikaenda na njia yake. Mwanga uliniumiza macho. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda, mikono yake ina mafuta, hajaificha, ananitazama. Niligusa nyusi zangu. Zilikuwepo zote, hata mvi yake. Alikuwa amezipaka vizuri sana.

"Iko wapi?" nikamuuliza.

Akaelekeza kidevu ukutani. "Nyuma yake."

Nilishusha picha, nikaigeuza, nikakunja vile vimisumari kwa kisu cha mezani. Barua ilikuwa imekunjwa mara nne, kati ya picha na kadibodi. Mwandiko ulikuwa wake, wa kuinamia kushoto. Ijumaa zaidi ya mia mbili nilikuwa nimekishika kitu hiki mikononi, nikakipangusa vumbi, nikakirudisha ukutani kwa heshima.

"Na kitasa?" nikasema. "Ulijua harudi. Kitasa ulikikatalia nini?"

"Ningekibadilisha, ungejua."

Mchongaji akarudi na ndoo safi. Aliona vipande mapajani kwangu, nikadhani atalia. Alisema Bwana Bustani atamuua, kwamba atapata wapi uso mwingine leo. Nilimwambia nyuso ni nyingi mjini, na safari hii asimamie mchanga mwenyewe. Kisha nikanawa, nikaenda manispaa na barua yangu, plasta bado iko kwenye nywele. Msajili aliisoma, akaangalia tarehe, akaniangalia mimi, akaangalia tena tarehe. Alikuwa na adabu, hakuuliza. Akagonga muhuri.

Kutoka pale nilipita kwa wifi yangu. Nilimwambia kuanzia kesho asubuhi saa kumi na mbili mama ni wake, nikamwonyesha kwa mikono namna ya kukanda, kuanzia kwenye kifundo kwenda juu. Alianza kusema kwamba mama ana bahati ya mkwe. Nikamwambia mama ana bahati ya binti.

Usiku ule mimi na mama mkwe hatukusemezana. Nilimkanda miguu, kwa sababu ilikuwa imevimba. Yeye alilia kimya na mimi nikakanda.

Jumamosi wifi alifika kweli, amenuna, akaenda jikoni kuchemsha maji. Nilibeba begi langu nikatoka chumbani. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Sijui aliinukaje bila mtu. Alikuwa ameshika mwimo kwa mikono miwili, miguu inatetemeka mpaka kanga inatikisika, amesimama juu ya kizingiti, na mlango nyuma yake uko wazi. Kitasa alikuwa amekifungua mwenyewe, kwa bega lake la kizee.

"Keti, mama," nikamwambia.

Tulisikia wote wawili nilichosema. Akatikisa kichwa.

"Utarudi?" akauliza.

Neno hilo katika nyumba ile lilikuwa la mtu mwingine miaka tisa. Nilikuwa bado nina hasira naye, na nilikuwa nampenda, na kimoja hakikupunguza kingine hata chembe. Ningeweza kumshika mikono nikamwambia kabla hujamaliza mche wa sabuni. Nilijua kabisa jinsi inavyofanywa, nilifanyiwa hapo hapo mlangoni.

"Sijui, mama," nikasema. "Lakini usinisubiri umesimama."

Nikaweka begi chini, nikaenda kuchukua kiti chake cha dirishani, nikakileta, nikamshika makwapani na kumshusha polepole mpaka akakaa. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyozoea. Nikamfunika miguu, nikachukua begi, nikapita pembeni yake. Mlango niliuacha wazi, maana kuufunga kungehitaji bega.